Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira: mpaka wa msitu wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji,
Walimu, wazee wetu, wanakikundi wenzangu, watoto, mabibi na mabwana,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, pili tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja, maana hiyo barabara ya kupandia huku Rondo tunaijua ilivyo, na tunajua umetoka Lindi mjini alfajiri na ratiba yako imejaa, ila umetuchagua sisi. Ahsante sana. Wewe ni mgeni rasmi wa nne kufika hapa toka kikundi kianze, na tunaomba Mungu uwe wa mwisho kusomewa risala yenye ombi hili la kupimiwa mpaka wa msitu wetu.

Historia yetu ni fupi. Tulianza 2016 watu 11 chini ya mwembe wa shule, leo tuko 34 na kati yetu 19 ni akina mama. Mafanikio ni makubwa mno, hayajawahi kuonekana kata hii: tuna kitalu cha miche ya mkongo, mninga na mpingo, tuna mizinga 12 ya kisasa na minne tayari ina nyuki, tumezima moto kichaa mara tano bila gari wala vifaa, kwa matawi mabichi tu, na daftari letu la doria halijaruka wiki hata moja toka 2017, masika na kiangazi, mwezi wa Ramadhani tunaenda, wiki ya Krismasi tunaenda. Daftari lipo hapo mezani, karibu ulifungue ukurasa wowote.

Sasa Mheshimiwa, umeona ukuta mzima wa darasa tumebandika picha za visiwa. Hizo ni kazi ya vijana wa kidato cha tatu na mwalimu wao wa jiografia, picha za satelaiti ambazo toka 2008 mtu yeyote duniani anaziona bure, na kumbukumbu yake inaanza 1972 satelaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa. Mtu anaweza kujiuliza Rondo na visiwa wapi na wapi, sisi tupo juu ya mlima. Lakini visiwa vile ndio majirani zetu. Aprili 2019 tulipoambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, Mtwara watu wakahamishwa, sisi tukafunga mabati kwa kamba, kile kimbunga kilipita kwanza kando ya Komoro kikaenda kushukia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Sisi tulipona.

Na huko Komoro mambo yalivyo kwenye ardhi yanatisha. Kisiwa cha Anjouan, wenyewe wanakiita Nzwani, milima yake imelimwa mpaka juu, mihogo, ndizi, mikarafuu, na mafuta ya mlangilangi yanayouzwa Ulaya kwa ajili ya marashi yanachemshwa kwa kuni za miti ya kule kule. Matokeo yake mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa ina maji mvua ikinyesha tu. Akina mama wa hapa wanaijua hadithi hiyo bila kuangalia ramani, maana vijito viwili vinavyoteremka kwenda bonde la Lukuledi tulivyochota maji tukiwa wasichana, leo mwezi wa tisa unavuka na ndala zako na hazilowi.

Madagaska ni kisiwa kikubwa, watu wakadhani hakiishi. Wanafyeka, wanachoma, wanapanda mpunga, udongo ukichoka wanahamia mbele, wenyewe wanaita tavy. Kati ya 1953 na 2014 wamepoteza karibu asilimia 44 ya msitu wao wa asili, yaani ndani ya umri wa mzee mmoja, na ule udongo mwekundu unaposombwa na mto Betsiboka kuingia baharini unaonekana mpaka kutoka angani. Mheshimiwa, ukitoa mpunga ukaweka ufuta, hapo unaongelea Lindi. Sisi tunafyeka mwezi wa nane mpaka wa kumi, tunachoma, tunapanda ufuta mvua zikikolea, miaka miwili au mitatu magugu yanazidi na mavuno yanashuka, tunahama. Hatusemi hili kumlaumu mtu. Hata sisi wanakamati tunalima ufuta, ufuta ndio umesomesha watoto hawa waliokuimbia hapa, na mnada wa stakabadhi ghalani ukienda vizuri kijiji kizima kinacheka. Tofauti ni kwamba wa kisiwani akifyeka akifika ufukweni ndio basi, anaiona bahari. Huku kwetu mtu akichoka shamba anasema pori bado lipo, na kila mtu anasema hivyo hivyo, na hakuna anayeweza kumwonyesha pori linaishia wapi.

Picha iliyotugusa zaidi ni ile ya katikati, ya Haiti na Jamhuri ya Dominika. Ni kisiwa kimoja, mvua moja, milima ile ile. Upande wa Haiti miti imekatwa kwa ajili ya mashamba na mkaa mpaka milima imebaki vipara, upande wa pili serikali iliweka ruzuku kwenye gesi ya kupikia miaka ya 1980 watu wakapunguza mkaa, na ikalinda hifadhi zake, na sehemu kubwa ya mpaka wa nchi mbili ukiutazama kutoka juu unauona kwa rangi, huku kahawia huku kijani, hauhitaji kuchora mstari. Septemba 2004 mvua za kimbunga Jeanne ziliposhuka kwenye ile milima mitupu, mji wa Gonaïves ulizama kwenye matope na Haiti ikapoteza watu zaidi ya elfu mbili. Na kurudi nyuma inawezekana jamani, Kuba mwaka 1959 msitu ulikuwa kama asilimia 14 ya nchi, leo umepita 30. Ila walijua wanarudisha wapi na nani anasimamia eneo gani.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye shida yetu, na tunaomba Mheshimiwa utuvumilie maana hapa tutakaa kidogo.

Msitu wetu wa kijiji hauna mpaka. Yaani upo, wazee wanaujua, mkutano mkuu wa kijiji uliupitisha na muhtasari upo na sahihi zipo, lakini haujapimwa, hauna bikoni, yaani nguzo ya mpaka, hata moja, mpango wa matumizi bora ya ardhi haujakamilika, na kwa sababu hiyo sheria ndogo za kijiji haziwezi kupita. Sheria ya Misitu ya 2002 inaturuhusu kabisa kuwa na msitu wa hifadhi wa kijiji, tuusimamie, tuvune kwa mpango na mapato yabaki kijijini. Wenzetu wa Kilwa, mkoa huu huu wetu, mwaka 2009 walipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, wakauza mpingo kihalali. Nao ni wakulima kama sisi. Tofauti yetu na wao ni karatasi na vigingi.

Mwaka 2018 mgeni rasmi wa kwanza alisimama hapo hapo uliposimama wewe akasema ndani ya siku 60 wapimaji watakuwa hapa. Tulipiga makofi sana, akina mama wakamfunga kanga. Kweli wapimaji walikuja, walichelewa ila walikuja, wawili na GPS, tukawapa vijana wa kuwafyekea njia, tukawapikia siku tatu. Walipita upande mmoja wa msitu wakipaka alama ya rangi nyekundu kwenye miti mikubwa, wakasema hiyo ni ya muda, watarudi na bikoni za zege kumalizia pande zilizobaki. Hawajarudi mpaka leo. Tulipofuatilia ofisini tukaambiwa faili lipo, mara ya pili tukaambiwa yule mhusika kahamishwa, mara ya tatu tukaambiwa tuandike barua upya. Tumeandika. Nakala tatu zipo kwenye bahasha tutakayokukabidhi.

2020 mgeni rasmi wa pili alisema suala letu analichukua yeye binafsi. 2023 wa tatu alisema tuchangie mafuta ya gari na posho, serikali itaweka iliyobaki. Hatukubisha. Kaya 128 zilichanga elfu tano tano, wapo wajane walioleta kwa korosho na mbaazi tukawauzia, ikapatikana laki sita na arobaini. Ipo benki mpaka sasa, haijaguswa, na kila mkutano kuna mtu anasimama kumuuliza mhazini wetu hela yetu inafanya nini, na mhazini anajibu kwa upole ila siku hizi tunaona anachoka.

Ngoja tueleze ni kwa nini tunang'ang'ania vigingi badala ya kuomba kompyuta au jezi. Mwaka 2022 doria yetu ilimkuta kijana wa hapa hapa kafyeka eneo kubwa ndani ya msitu, anajiandaa kuchoma. Ni mtoto wetu, baba yake yupo hapa leo na tumeomba ruhusa yake kulisema hili. Tukampeleka kwenye baraza. Yule kijana akauliza swali moja tu, nionyesheni mpaka. Tukasema twendeni kwenye ule mkongo mkubwa wenye rangi nyekundu. Tukaenda wote, wajumbe wa baraza, mtuhumiwa, sisi. Tulikuta kisiki. Mti wenye alama ulikuwa umeshakatwa kwa chensoo, na hatujui na nani. Tulizunguka siku hiyo kutafuta miti mingine iliyopakwa rangi, tukapata visiki saba na mti mmoja uliosimama. Kesi ikaisha pale pale. Kijana akachoma, akapanda ufuta, na kwa haki kabisa hatuwezi kumwita mwizi, maana alichouliza ni cha kweli na hakuna aliyeweza kumjibu.

Mwingine atasema si mnaona kwa satelaiti, ya nini bikoni. Tulidhani hivyo na sisi. Kijana wetu mmoja alifungua picha kwenye simu akaja mbio, msitu umeongezeka! Mwalimu akamwonyesha kwamba ile kijani ni mikorosho. Kutoka angani mkorosho uliokua na mti wa msituni vinafanana sana, ndio maana kwenye visiwa vyenye minazi mingi hata wataalamu wanahangaika, na visiwani mawingu nayo yanafunika picha wiki hadi wiki. FAO wenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu wanauhesabu kuanzia nusu hekta, miti inayoweza kufika mita tano na kivuli kinachozidi asilimia 10, lakini shamba la miti ya matunda hata liwe zito vipi hawalihesabu msitu, na korosho ni humo humo. Satelaiti inaona rangi. Haijui mpaka wa kijiji uko wapi, na haiwezi kusimama mbele ya baraza.

Na wazee wanakumbuka Nachingwea. Waingereza walikuja na skimu ya karanga mwaka 1947, wakang'oa miti kwa matingatinga, wakajenga reli mpaka bandari ya Mtwara, mwaka 1951 skimu ikafa. Reli yenyewe iling'olewa. Miti ilikuwa imeshaondoka.

Kwa hiyo Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja, hatukuletei orodha. Tunaomba wapimaji, siku kumi, wamalize mpaka wa msitu na waweke bikoni za zege, ili mpango wa matumizi ya ardhi ukamilike na sheria ndogo zipelekwe kwenye baraza la madiwani. Mchanga na kokoto tutasomba wenyewe. Chakula tutapika kama tulivyopika. Vijana wa kufyeka njia wapo 15, majina yao yapo kwenye bahasha, hawadai hata mia. Na ile laki sita na arobaini tutaitoa siku gari likifika kijijini, tunaomba radhi kwa hilo, siyo kwamba hatukuamini wewe, ni wanakijiji wameazimia hivyo kwenye mkutano na sisi hatuna mamlaka ya kuwapinga.

Tunaomba iwe kabla ya mwezi wa nane. Sasa hivi ni Juni, ufuta uko mnadani, watu wana hela mkononi, na hela ya ufuta wa mwaka huu ndio inalipa vibarua wa kufyeka pori la mwakani. Ikifika Septemba moshi umeshaanza, na hapo hata mkija na bikoni mia mtakuwa mnapima majivu. Baada ya mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024, barabara ya kusini ilipokatika kule Kilwa na nauli na bei ya unga vikapanda, watu wengi hapa walianza kutusikiliza kuliko zamani. Watu wapo tayari. Tunaogopa wasije wakachoka kutusikiliza kabla nyie hamjafika.

Mheshimiwa, tunajua utasimama kutujibu na tunajua utatujibu vizuri. Tunakuomba kwa heshima zote, badala ya kutuambia ndani ya siku ngapi, utuandikie tarehe. Kitabu cha wageni kipo mezani, kurasa za 2018, 2020 na 2023 tumeziwekea alama ya kitambaa, na ukurasa wako tumeuacha wazi. Kalamu ipo kwa Mwenyekiti.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote