Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa mabibo

Asalaam aleikum na hamjambo nyote ndugu zangu wanachama.

Michango karibu yote imeingia, shukran sana, mahesabu mweka hazina atawaeleza. Mimi nataka tuongee siki.

Mnajua wenyewe msimu wa korosho hapa Malindi, tunanyofoa korosho tunauza, bibo, lile tunda lake, linabaki chini ya mkanju linaoza na nzi. Na lile bibo limejaa sukari jamani! Ukilikamua ukayaacha maji yake yakae, hamira inageuza sukari kuwa kileo, halafu bakteria wanaoitwa asetobakta wanakigeuza kile kileo kuwa asidi ya asetiki, ndio siki yenyewe, ile ya dukani huwa na hiyo asidi kama asilimia 5 hivi.

Pipa la kwanza liliharibika na kosa ni langu. Niliogopa vumbi nikafunga kifuniko ndindindi, wiki tatu nafungua lanuka pombe tupu, kumbe hawa bakteria bila hewa hawafanyi kazi. La pili tukajaza nusu, tukafunika kitambaa cha bafta basi, siku moja mama mmoja wa kamati akaniita njoo uone, utando umelala juu kama malai ya maziwa na harufu yapanda puani mpaka machozi yatoka. Wallahi nilifurahi.

Kila bakteria ana tabia yake. Vita vya kwanza vya dunia Uingereza ilikosa asetoni, kiyeyushi cha kutengenezea baruti, mwanakemia Chaim Weizmann akatumia bakteria wengine, Clostridium acetobutylicum, kuitoa kwenye mahindi, na 1917 nafaka zilipokuwa haba watoto wa shule wakatumwa kuokota mbegu za miti zisizolika zitumike badala ya mahindi. Hao wa Weizmann sasa, hewa kwao ndio sumu!

Waliouliza kama makumbi ya nazi nayo tunaweza kuyageuza hivi: yamejaa lignini, ile inayoupa mti ugumu, ngumu sana kuvunjika. Maabara wanaweza, wana bakteria wa Pseudomonas putida waliobadilishwa vinasaba, wanageuza vipande vya lignini kuwa asidi ya mukoniki inayoweza kutengeneza nailoni, lakini hiyo yataka mitambo, sio mapipa yetu. Tushike mabibo kwanza.

Msimu ujao naomba bibo liletwe siku ileile limeanguka, lisiwe na mchanga, kwa ndoo safi. Na siki hatuuzi hata chupa moja mpaka asidi ipimwe na tupate alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, najua wengine mna haraka ya pesa lakini watu watatia hii kwa kachumbari za watoto wao. Mkutanoni tuchague watatu wa zamu ya mapipa, wawe wanaoishi karibu.