Malalamiko kuhusu kufungwa kwa akaunti yangu ya michezo ya mtandaoni

Tanga, Tanzania
9 Juni 2025

Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu mwaka 2021. Ninayo mashine yenu ya gemu ya sebuleni, na nyingine ndogo ya mkononi ambayo huitumia zaidi binti yangu. Zote mbili zimeunganishwa na akaunti moja, ambayo nimekuwa nikiilipia kifurushi cha mwaka mzima bila kukosa. Mliifunga akaunti hiyo Ijumaa ya tarehe 16 Mei 2025, na sababu mliyonipa siwezi kuikubali.

Ujumbe wenu ulisema kwamba nimekiuka masharti kwa kuandika nchi isiyo ya kweli. Ni kweli akaunti inasema Afrika Kusini na mimi ninaishi Tanga, lakini naomba mtazame jambo hili lilivyoanza. Siku niliyojisajili, mashine ilinitaka nichague nchi kutoka kwenye orodha. Niliishusha orodha ile hadi herufi ya T, nikaiona Taiwan, na jina lililofuata lilikuwa Thailand. Nilirudi juu nikashuka tena polepole, nikidhani macho yamenipita. Kenya haikuwamo, wala Uganda. Hapakuwa na nafasi ya kuandika jina la nchi mwenyewe, na bila kuchagua mojawapo nisingeweza kuendelea. Nilimwuliza mhudumu wenu kwa ujumbe, naye akanijibu kwamba nichague nchi ya karibu yenye huduma. Ujumbe huo ninao hadi leo.

Basi nikachagua Afrika Kusini. Tangu hapo nikawa nanunua vocha za randi, kwa kuwa vocha ya nchi nyingine haipokelewi na akaunti hiyo, na kadi yangu ya benki ya hapa nyumbani ilikataliwa kila nilipoijaribu. Kila vocha imepitia kwa muuzaji anayeongeza faida yake, hivyo huduma ile ile imekuwa ikinigharimu zaidi kuliko inavyomgharimu mteja wa Johannesburg. Fedha hizo mlizipokea kwa miaka minne, wala hakuna aliyeniuliza ninaishi wapi. Vocha ya mwisho ya miezi 12 niliiingiza tarehe 2 Mei, na siku 14 baadaye mkaifunga akaunti.

Ilikuwa saa tatu usiku. Mdogo wangu, anayefanya kazi Muscat, alikuwa ameshaingia na ananisubiri, kwani kila Ijumaa tunacheza mpira sisi wawili na kuzungumza huku pedi za kuchezea gemu zikiwa mikononi. Yeye aliandika Oman, nayo Oman imo kwenye orodha yenu. Kwa ndugu ambao hawajaonana ana kwa ana kwa miaka mitatu, saa ile moja si mchezo tu. Asubuhi yake binti yangu aliniletea mashine ya mkononi ili nione: michezo yote tisa tuliyoinunua kwa kupakua ilikuwa na alama ya kufuli, na mji aliokuwa akiujenga tangu akiwa darasa la pili, uliohifadhiwa kwenye seva zenu, haufunguki. Sikuwa na jibu la kumpa, na sina mpaka sasa.

Nimewaandikia mara nne. Majibu matatu yalikuwa maneno yale yale, neno kwa neno. La nne lilinitaka nipige namba ya simu isiyolipiwa, ambayo kutoka Tanzania haipatikani.

Nafahamu kwamba huduma za mtandaoni huwa na mwisho na masharti yake. Kampuni ya Nintendo ilipoamua kufunga huduma za mtandaoni za mashine zake za gemu za 3DS na Wii U tarehe 8 Aprili 2024, ilikuwa imetangaza tangu Oktoba 2023, na wateja waliendelea kuruhusiwa kupakua upya michezo waliyokwisha kuinunua. Suala la nchi zisizo kwenye orodha nalo si geni katika biashara hii. Mei 2024, wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta walitakiwa kuwa na akaunti ya mtandao wa PlayStation, ambayo haitolewi katika nchi nyingi, na baada ya malalamiko yao Sony, kampuni yenye PlayStation, ililiacha sharti hilo ndani ya siku chache. Mimi sikupewa hata siku moja ya kujieleza.

Kwa hiyo naomba akaunti ifunguliwe, na iandikwe kwenye kumbukumbu zenu kwamba nchi ile niliichagua kwa maelekezo ya mfanyakazi wenu, ili nisifungiwe tena kwa sababu hiyo hiyo. Kama mtakataa, nirudishieni thamani ya muda wa kifurushi uliobaki pamoja na bei ya michezo tisa. Kuhusu kazi za mtoto zilizohifadhiwa kwenu, nazitaka kwa vyovyote vile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa haki ya kupata taarifa zangu mnazozishikilia. Pia ninaomba, kwa niaba yangu na ya wengi ninaowafahamu walioandika nchi zisizo zao kwa kukosa njia nyingine, muiweke Tanzania kwenye orodha.

Nisipopata jibu katika siku 21, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeambatisha risiti za vocha zote, ujumbe wa mhudumu wa mwaka 2021, na picha ya skrini ya mashine ya mkononi ikionyesha michezo iliyofungwa. Tafadhali jibu lije kwa barua pepe, kutoka kwa mtu aliyeisoma barua hii.

Wenu katika biashara,
Mteja, Tanga