Barua ya malalamiko: dola zetu mlizozifungia kwenye kadi

Lubumbashi, tarehe 19 Januari 2026

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Huduma kwa Wateja

KUHUSU: Pesa zilizozuiwa kwenye kadi yangu ya benki katika safari ya meli yenu ya kitalii ya tarehe 14 hadi 21 Septemba 2025, na jibu lenu la mwezi Novemba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa mara ya pili. Jibu mlilonitumia mwezi Novemba lilikuwa na mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ndio ulionirudisha kwenye kalamu: mliandika kwamba njia ya kulipia matumizi ya melini niliichagua mwenyewe. Ni kweli kwamba kadi niliitoa kwa mkono wangu, wala hakuna aliyenipokonya. Lakini mtu huchagua kati ya mambo anayoyajua, na siku ile tulipopanda meli ninyi mlijua kitakachofuata nikitoa kadi ya aina ile, mimi sikukijua, na hamkuniambia. Malalamiko yangu yote ni hayo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo, nina duka la vifaa vya ujenzi katika komini ya Kampemba. Safari hiyo ilikuwa zawadi ya watoto wetu kwa miaka 30 ya ndoa yetu. Walichanga kwa muda mrefu, wakalipa ndege, viza na kabini kupitia wakala wa safari wa hapa mjini, nasi tukabakiwa na matumizi ya ndani ya meli na ya bandarini. Kwa matumizi hayo nilibeba pesa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ya benki ya kujaza, ambayo mwenyewe hutumia kiasi alichoweka humo tu na haimkopeshi hata senti moja. Niliijaza dola 650. Ya pili ilikuwa dola 400 taslimu, nilizozifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuzivaa kiunoni.

Mnisamehe nikikaa kidogo kwenye hizo noti, maana zitarudi mbele. Sisi hapa Kongo tunauziana saruji, magari na hata viwanja kwa dola, lakini noti yenyewe lazima iwe safi. Muuzaji huinyoosha, huiinua kuelekea jua, na akiona mpasuko wa upana wa ukucha hukurudishia bila maneno mengi. Kwa hiyo nilizichambua noti zangu kama mtu anavyochambua maharagwe, na bado moja ya dola 100 ilikuwa imechanika kidogo pembeni. Ni kwa ajili ya noti hiyo, na kwa kuogopa kuaibika mbele ya watu wa Ulaya, kwamba niliamua kuanza na kadi. Nilidhani kadi ndiyo njia isiyo na maswali.

Bandarini Barcelona, Jumapili tarehe 14, kijana aliyekuwa kwenye kaunta yenu alituuliza kwa Kifaransa neno moja tu: kadi? Nikampa. Akaipitisha kwenye mashine, akatupiga picha, akatukabidhi zile kadi mbili za kabini ambazo ndizo hulipia kila kitu ndani ya meli, akamwita mwingine. Hata dakika mbili hazikutimia. Hakuuliza kama kadi yangu ni ya mkopo au ya pesa iliyowekwa. Hakusema kwamba dawati la mapokezi hupokea pia amana ya taslimu tangu siku ya kwanza. Alikuwa na adabu na alikuwa na foleni ndefu, kwa hiyo yeye simlaumu. Ninawalaumu waliompa kazi ya kuuliza neno moja pale palipohitaji sentensi tatu.

Nitaziandika sentensi hizo hapa, kwa kuwa jibu lenu linaonyesha kwamba aliyeliandika hakuona tofauti yoyote. Mwenye kadi ya mkopo, mkizuia euro 200 juu yake, mfukoni hapungukiwi na kitu. Kinachopungua kwa muda ni kiwango anachoruhusiwa kukopa. Mwenye kadi kama yangu, euro 200 hizo ni pesa yake halisi, ambayo bado inahesabiwa kuwa yake lakini haiwezi kununua hata mkate, kama mahindi yaliyofungiwa ghalani na ufunguo mkabaki nao ninyi. Tena safari ikiisha, yule wa kwanza huenda asijue kabisa kwamba palikuwa na kizuizi, ilhali huyu wa pili hungoja siku nyingi mpaka mfumo wenu na benki yake vimalizane.

Kwenye taarifa ya benki niliyoambatanisha mtaona jinsi mambo yalivyokwenda. Jioni ya tarehe 14 mlizuia euro 200. Tarehe 15, tukiwa Marseille, mkazuia 150 nyingine, na tarehe 16, Genova, mkazuia tena 150. Asubuhi ya tarehe 17 hesabu yetu ya melini ilikuwa euro 225.40, pamoja na matembezi ya Marseille tuliyoyanunua kwenu, lakini kwenye kadi yangu mlikuwa mmeshafungia euro 500, ambazo benki yangu ilizihesabu kuwa dola 600. Ninaelewa kwamba kampuni hujilinda dhidi ya abiria anayeshuka bila kulipa. Sielewi kwa nini kujilinda dhidi ya deni la euro 225 kulihitaji euro 500, wala kwa nini kizuizi kipya kiliongezwa juu ya kile cha zamani badala ya kukamilisha pengo tu.

Siku hiyo ya tarehe 17 meli ilikuwa Civitavecchia, bandari ambayo watu hushukia kwenda Roma. Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa Jubilei ya Kanisa Katoliki, na mke wangu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya ya parokia yetu, alikuwa amebeba karatasi iliyokunjwa mara nne yenye majina ya watu waliomwomba awaombee atakapovuka Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro. Karatasi hiyo alikuwa nayo mkononi tuliposimama mbele ya mashine ya tiketi kwenye kituo cha treni. Nilichagua tiketi mbili za kwenda na kurudi, nikaingiza kadi, nikabonyeza namba zangu za siri, na mashine ikairudisha. Nikajaribu mashine ya pili, ikairudisha. Nyuma yetu pamekuwa na msururu wa vijana wenye mabegi, na mmoja wao akanionyesha kwa kidole kile kilichoandikwa kwenye kioo, akidhani sijui kusoma.

Wakati ule wa mwaka saa ya Italia na saa ya Lubumbashi ni moja, kwa hiyo niliweza kupigia benki yangu simu papo hapo. Mama aliyepokea aliniambia kwamba katika dola 650 nilikuwa nimetumia 38 kwa viatu vya mke wangu Marseille, kwamba dola 600 zimezuiwa na kampuni ya meli, na kwamba zinazotumika ni 12. Nilimwomba aziachie. Akanijibu kwamba benki haiwezi kuondoa kizuizi kilichowekwa na mfanyabiashara mpaka mfanyabiashara mwenyewe akiachie au muda wake uishe. Tukaenda kutafuta mahali pa kubadilisha dola, tukapanga foleni, na kwa dola 100 nikapewa euro 74. Ilikuwa imeshapita saa sita. Treni ya kwenda huchukua zaidi ya saa moja, ya kurudi vilevile, na saa kumi na moja tulitakiwa tuwe ndani ya meli. Mke wangu aliukunja ule mkono wenye karatasi akasema turudi. Roma tuliiona kwenye ubao wa treni tu, na mlango ule ulifungwa tarehe 6 mwezi huu.

Tarehe 19 jioni mfumo wenu ulijaribu kuzuia euro 100 nyingine, ukakuta zile dola 12, na akaunti yetu ya kabini ikafungwa. Hilo nililijua baani, pale mhudumu aliporudisha kadi na kuondoa zile glasi mbili za maji ya matunda ambazo alikuwa ameshaziweka mezani, mbele ya watu tuliokuwa tumekaa nao siku tano. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi wenu mmoja, mtu wa Mombasa, ambaye alitusikia tukizungumza Kiswahili kwenye ujia wa kabini. Aliniita Mzee, sisi hapa tungesema Papa, akaniambia: "Mzee, ungeweka taslimu pale mapokezi tangu siku ya kwanza. Wakishaona taslimu, kadi hawaigusi." Alizungumza kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja melini analijua. Simtaji, na ninaomba msimtafute, maana yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi ambayo kaunta ya Barcelona haikuifanya. Nilikwenda mapokezi usiku huohuo na dola 300 zilizobaki. Dada aliyekuwepo alizihesabu haraka, na ile noti iliyochanika, ambayo sokoni kwetu hakuna angeipokea, aliitia kwenye droo bila hata kuigeuza. Akaniandikia euro 240. Kwa hesabu ileile ambayo benki yangu iliitumia kwenye vizuizi vyenu, dola 300 zingekuwa euro 250.

Hesabu ya mwisho, tuliyoipata usiku wa kuamkia tarehe 21, ilikuwa euro 372.40. Humo kulikuwa na euro 154 za huduma, yaani euro 11 kwa kila mmoja wetu kwa kila usiku. Hizo ziliandikwa kwenye mkataba, nilizisoma kabla ya kutia sahihi, nami silalamiki, ingawa mke wangu bado analalamika. Baada ya kutoa zile 240 za taslimu mlichukua kwenye kadi euro 132.40, sawa na dola 158.88. Kufikia hapo kila kilicho chenu mlikuwa mmeshakipata, na hapakuwa na sababu tena ya kuendelea kushikilia dola 441.12 zilizobaki. Hata hivyo zilibaki zimefungwa mpaka tarehe 7 Oktoba, siku 16 tangu tushuke. Septemba hapa ni mwezi wa minervali, yaani karo ya shule. Wajukuu wetu wawili wanasoma kwa mchango wetu, na ilinibidi nimkope mfanyabiashara mwenzangu dola 400, nikamrudishia 420.

Mtaniambia kwamba masharti yenu ya jumla yanataja vizuizi vya kadi. Nimeyasoma baada ya kurudi. Yanasema kwamba kampuni inaweza kuomba idhini ya benki kwa kiasi cha matumizi yanayotarajiwa. Maneno hayo mtu wa benki atayaelewa. Abiria anayejaza kadi kwa mara ya kwanza maishani, kama nilivyofanya mimi, ataelewa kwamba mnahakikisha kadi ni nzima, basi. Na sisi wenye kadi za kujaza si wachache wala si watu wa ajabu: kwetu mtu anayesafiri kwenda nje ya nchi hupewa kadi kama hiyo kwa kawaida, kwa sababu kadi za mkopo halisi huku ni adimu.

Ninaomba mnirudishie euro 10 zilizopungua katika kubadilisha taslimu yangu, pamoja na dola 20 nilizolipa juu ya mkopo. Ni kiasi kidogo na ninajua kwamba kuniandikia kutawagharimu karibu sawa na kunilipa. Ninachokihitaji zaidi ni jibu lililotiwa sahihi na mtu, si la mfumo, linaloeleza kwa nini vizuizi vilizidi matumizi kwa zaidi ya mara mbili, na kwa nini havikuachiliwa siku ile mlipomaliza kujilipa. Ninaomba pia kwamba kwenye fomu ya kupanda meli, kwa Kifaransa kama kwa lugha nyingine, na kinywani mwa yule kijana wa kaunta, yawekwe maneno ya wazi: kwamba kadi isiyo ya mkopo itafungiwa pesa halisi, kiasi gani, kila baada ya muda gani, na kwa siku ngapi baada ya kushuka, na kwamba abiria anaweza badala yake kuweka amana ya taslimu mapokezi na kurudishiwa inayobaki usiku wa mwisho. Nikiambiwa hayo halafu nikatoa kadi, hapo mtakuwa na haki ya kuniandikia kwamba nilichagua mwenyewe.

Kuhusu siku ya Civitavecchia sidai malipo, kwa kuwa sijui ningeitoza bei gani, na mke wangu hataki iwekwe kwenye hesabu. Ile karatasi ya majina ameirudisha parokiani.

Nimeambatanisha nakala ya hesabu ya kabini, taarifa ya benki ya kuanzia tarehe 14 Septemba hadi 7 Oktoba, stakabadhi ya dola 300 kutoka mapokezi, na jibu lenu la Novemba. Nakala ya barua hii nimempa wakala wa safari aliyetuuzia tiketi. Ninangoja jibu lenu ndani ya siku 30.

Kwa heshima,

Mteja wenu,
mwenye duka wa Kampemba, Lubumbashi