Wauza oili, tuambieni mnatupimia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza oili na mafundi wa hapa Mwanza, pamoja na wenye magari wenzangu, hasa sisi akina mama ambao tukifika gereji tunaonyeshwa benchi na kusubiri kuitwa kulipa.

Nauza dagaa. Nachukua mzigo Igombe, naushusha Mwaloni Kirumba. Gari langu ni Toyota IST ile ya kwanza, otomatiki. Mwaka jana lilipofika kilomita 131,000 nililipeleka gereji moja mjini kubadilisha oili ya gia boksi. Fundi akamtuma kijana dukani, akarudi na dumu la lita tano lisilo na lebo. Nikauliza ni oili gani hiyo. "Haidroliki, mama." Nikalipa, nikaondoka na risiti iliyoandikwa neno hilohilo na bei.

Mwezi haujaisha, mambo yakaanza. Asubuhi nikiweka D gari linatulia tu, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linashtuka na kuondoka. Siku nimempeleka mgonjwa Bugando, kile kilima kilinitoa jasho: injini inanguruma, gari halipandi. Nikaambiwa gia boksi imekwisha, nitafute ya mtumba. Fedha niliyotajiwa ni mtaji wangu wa msimu mzima.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma ufundi wa magari VETA, ndiye aliyechomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakifuta kwa kitambaa na kunipa nisome. Kwenye bati lake pamegongwa herufi: T-IV. Akaniambia, "Mama mdogo, gari limeandika lenyewe linachotaka."

Nilishikwa na uchungu ambao mpaka leo haujaniisha. Maandishi yale yalikuwapo siku ile ya gereji, na hakuna aliyeyasoma.

Haidroliki si jina la oili moja. Ni sawa na mteja kuja mezani kwangu akasema nimpimie "samaki", nami nikamfungia chochote kilicho karibu, sato au sangara au furu. Oili ya gia boksi ya otomatiki inasukuma valvu kwa presha, inapoza, inalainisha, na juu ya hayo inazipa klachi za ndani mshiko wa kiasi maalumu. Mshiko ukipungua klachi zinateleza, na zikiteleza zinaungua. T-IV ni jina la aina moja ya oili hiyo, ya magari kama langu. Toyota nyingi zilizofuata zinataka aina nyingine, WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na hizo mbili hazichanganywi. Jirani yangu ana Vitz yenye CVT, gia boksi isiyo na gia za hatua, inayokwenda kwa mkanda wa chuma, na hiyo ina oili yake ya CVT, mbali kabisa na zote mbili. Sasa dumu lisilo na lebo ni la nani kati yetu?

Kazi tuliifanya nyumbani Pasiansi, Jumapili baada ya ibada. Magurudumu ya nyuma tuliyawekea kabari, mbele tukainua kwa jeki kisha tukashusha gari juu ya stendi mbili za chuma. Jeki peke yake mtu haingii chini yake, hata kama ni dakika moja. Tulilizungusha gari kwanza mpaka uwanja wa ndege na kurudi ili oili ipate joto, lakini tukaliacha lipoe kidogo, maana ikiwa ya moto sana inaunguza mikono.

Chini kuna nati mbili za kumwagia na wengi wanazichanganya. Ya injini inafunguliwa kwa spana namba 14. Ya gia boksi, kwenye gari langu, ina tundu la pembe sita na inataka aleni namba 10. Tulipoilegeza ikatoka oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, wakati oili nzima ya aina hii ni nyekundu, inapitisha mwanga. Mwanangu alitaka kuimwaga palepale, nikamzuia. Tuliipima yote kwa chupa za maji za lita moja na nusu: zilijaa karibu mbili. Tukarudisha kipimo hichohicho cha T-IV kutoka kwenye kopo lililofungwa, kupitia tundu la kijiti, kwa faneli nyembamba niliyoiosha na kuikausha mwenyewe. Vumbi likiingia humo ni hasara nyingine.

Halafu likaja la kupima, ambalo kwetu Mwanza lina taabu yake. Gari lazima liwe tambarare, na nyumba zetu nyingi zimekaa juu ya mawe na miteremko. Ndugu yangu wa Mabatini hana hata hatua kumi zilizolala sawa, kwake kijiti kitamdanganya kila siku. Sisi tulishuka hadi uwanjani. Injini ikiwa imewaka na imepata joto, unakanyaga breki, unapitisha mkono wa gia P, R, N, D, 2, L, kila mahali unatulia kidogo, unarudi P, ndipo unachomoa kijiti na kusoma alama ya HOT, yaani ya oili iliyopata moto.

Kumwaga mara moja hakutoi yote. Nyingine, zaidi ya nusu, inabaki kwenye konveta, kile chombo cha mviringo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, na mifereji ya ndani. Kwa hiyo unaendesha siku kadhaa ichanganyike, unarudia. Nimesharudia mara mbili. Sasa nikiweka D sifiki hata mbili kuhesabu, na wiki iliyopita nilivuka daraja la Kigongo na Busisi na gunia tatu mpaka Sengerema bila kushtuka njiani.

Ombi langu kwa wauza oili ya kupima: andikeni kwenye pipa na kwenye dumu aina kamili, na kama hamuijui msiiuze. Kwa mafundi: risiti ionyeshe aina, lita na kilomita za siku hiyo. Shirika la Viwango, TBS, nawaomba mpite kwenye maduka ya mapipa muwaulize swali nililouliza mimi.

Jiji na Manispaa ya Ilemela nao watutengee mahali pa kupeleka oili chafu. Mto Mirongo unapita katikati ya mji hadi ziwani, na maji ya kunywa tunayavuta Capri Point. Mimi naishi kwa dagaa wa ziwa hilo, siwezi kumwaga mtaroni. Madumu yangu mawili yapo nyuma ya nyumba, nimeyafunga vizuri, yanasubiri.

Mara ya tatu ni mwezi ujao. Kopo la T-IV nimeshalinunua, na lebo yake nimeisoma dukani mbele ya muuzaji.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Pasiansi, Mwanza