Barua ya malalamiko: antena ya gari ya "kilomita 500" iliyoshindwa kufika Pangani

Raskazone,
Tanga.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA ANTENA YA GARI NA GHARAMA ZA KUTENGENEZA PAA

Husika na mada tajwa hapo juu. Salamu ndefu naomba nizipunguze, kwa kuwa nimeshasalimiana sana na wahudumu wenu kwenye simu na hakuna kilichozaliwa.

Nina Coaster ya zamani niliyoing'oa viti nikaifanya gari la kempingi: vitanda, jiko la gesi, tangi la maji, betri ya pili na sola juu ya paa. Naikodisha kwa familia na wageni wanaotaka kuzunguka ukanda wetu huu, Tanga hadi Pangani, wengine wanapitiliza Saadani hadi Bagamoyo, wengine wanapanda Lushoto. Wateja wangu wengi ni Watanzania, na Mtanzania akishakula chakula cha usiku anataka taarifa ya habari. Dishi sikulitaka kwa sababu kila unapoegesha lazima ulitegeshe upya kwa uangalifu mkubwa, na mteja wa kukodi hana ujuzi huo wala hamu hiyo. Ndiyo sababu nilikuja dukani kwenu kutafuta antena.

Muuzaji wenu nilimweleza wazi kwamba gari linalala leo hapa, kesho kule, tena pembeni ya bahari. Akanitolea kuba jeupe la plastiki, na boksi limeandikwa "kidijitali", "4K", "dB 30", "nyuzi 360, hakuna kuelekeza" na, kwa herufi kubwa kuliko zote, "km 500". Nikalipa shilingi 165,000. Risiti ya EFD ninayo.

Nianze na hizo kilomita 500, maana ndizo zilizonitoa hela mfukoni. Televisheni za minara ya ardhini zinarushwa kwenye masafa ya UHF, na mawimbi hayo hunyooka. Hayapindi kuufuata mviringo wa dunia ila kidogo sana. Mafundi wana hesabu yao ya siku zote: unachukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, unajumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, unazidisha kwa 4.12, jibu linakuja kwa kilomita. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 3 kutoka chini, kama ilivyo juu ya paa langu, ni kilomita 48 hivi. Hapo ardhi ni tambarare, hakuna kilima wala shamba la minazi katikati. Ili kuba lenu liuone mnara ulio kilomita 500, mnara huo utapaswa kuzidi mita 14,000, yaani upandishe Kilimanjaro mbili, moja juu ya nyingine, na bado uongeze. Kwa maneno ya boksi lenu, mimi nikiegesha Raskazone ningekuwa napokea Dar es Salaam, Mombasa, Dodoma na hata Nairobi kwa mpigo. Hivi aliyeandika hayo aliwahi kufungua ramani?

Hayo ya "kidijitali" na "4K" sitayachelewesha. Antena ni chuma kinachopokea mawimbi. Udijitali uko kwenye king'amuzi, na ubora wa picha uko kwa mrushaji na kwenye televisheni yenyewe. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa huku Tanga, watu walinunua ving'amuzi, na wengi wenye antena za UHF juu ya mabati hawakuzigusa. Mpaka leo zipo na zinafanya kazi.

Sitawasingizia: nikiwa mjini, karibu na mnara, kuba lenu linashika. Ila mjini hata kipande cha waya kinashika. Nilinunua kwa ajili ya safari.

Safari ya kwanza ilikuwa na familia moja ya mzee mstaafu wa bandari. Tulilala Mkoma, kaskazini kidogo ya mji wa Pangani, kama kilomita 40 kutoka Tanga kwa mstari ulionyooka. King'amuzi, kama mnavyojua, kina mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu ilisimama juu ya asilimia 80. Ubora ukawa unaruka, unapanda kidogo, unaanguka sifuri, unapanda tena. Saa mbili usiku ikafika. Mtangazaji akatokea, akasema "Habari za", akaganda mdomo wazi, nusu ya uso imekatika vipande vya mraba. Mzee alimtazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, kama habari zenyewe zimekwama, si utufungulie redio tu?" Mwenyewe alisema kwa utani. Mimi niliyepokea hela yake sikuuona utani.

Nguvu nyingi bila ubora maana yake nini? Maana yake busta, yaani kile kikuza mawimbi kilicho ndani ya kuba, inakuza kelele. Ile "dB 30" (desibeli, kipimo cha ukuzaji) mliyoiandika ni ya busta, wala si ya antena, na busta haiwezi kutengeneza mawimbi ambayo antena haikuyapokea. Kwa kuwa kuba linasikiliza pande zote sawasawa, linakusanya kila takataka iliyopo hewani, pamoja na ya humo humo ndani ya gari. Na hapa mmeniongezea adha nyingine: antena mnaiita ya gari, lakini adapta yake ni ya umeme wa nyumbani, volti 220. Gari lina volti 12. Kwa hiyo ili busta iwake lazima niwashe inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na inveta ikiwaka tu, ubora unaporomoka mbele ya macho yangu. Nikiizima, busta nayo inazima.

Wateja walipoondoka nilirudi Mkoma na gari tupu, nikaegesha palepale. Safari hii nilibeba antena ya kawaida ya vijiti, ile ya kuelekeza, ambayo bei yake haifiki robo ya bei yenu. Nikaifunga kwenye bomba la chuma, bomba nikalifunga kwenye ngazi ya nyuma ya gari mpaka antena ikafika mita sita hivi kutoka chini. Nikaielekeza kaskazini, uliko mji wa Tanga, vijiti vifupi vikitangulia. Kijana wangu akakaa ndani akinisomea mstari wa ubora kwa sauti, mimi nikawa nazungusha bomba kidogo, nasubiri sekunde kadhaa kwa sababu king'amuzi hakijibu papo hapo, nazungusha tena. Ilipopita mahali pazuri ubora ukaanza kushuka, nikairudisha. Nguvu ilikuwa ndogo kuliko ya kuba lenu. Ubora ulizidi asilimia 70 na ukatulia hapo, picha safi, bila busta, bila inveta. Na kama mnara ungekuwa unarusha mawimbi yaliyosimama badala ya yaliyolala, ningelaza antena ubavu, basi. Kuba lenu limefungwa kwa bolti. Halizunguki, halilali, halipandi juu.

Hii ndiyo hoja yangu kubwa kwenu. Gari la kempingi linahitaji antena inayoweza kupandishwa na kuzungushwa kila linapoegesha, kwa sababu kila kituo mnara uko upande mwingine. Muuzaji anayejua kazi yake angeniuliza maswali mawili tu: unalala wapi, na mnara uko umbali gani? Wa kwenu aliniuliza nalipa taslimu au kwa simu.

Sasa paa. Fundi mliyenipa "bure" alitoboa matundu manne na kuyapaka silikoni. Skrubu alizotumia ni za chuma cha kawaida. Upepo wa bahari wa Tanga hauna huruma na chuma cha namna hiyo; zikashika kutu, silikoni ikaachia, na mvua za masika zikaingia hadi kwenye godoro la kitanda cha juu. Kuba nalo likaanza kunywa maji. Ukilitikisa linalia kama dafu.

Nilipopiga simu, mhudumu wa kwanza akanijibu, "Kaka, huko mikoani mawimbi ni shida." Nikamweleza ya Mkoma, kwamba antena ya bei ya chini imeshika mahali palepale. Akanipa mwenzake. Huyo akasema waranti haihusu magari yanayokaa karibu na bahari. Ndugu Meneja, nimeisoma karatasi ya waranti pande zote mbili na neno bahari halimo. Halafu duka lenu lenyewe liko Dar es Salaam. Mnawauzia nani, watu wa Singida?

Waranti mlipoikataa, ndipo fundi wangu wa Ngamiani akalifungua kuba. Ndani tulikuta kibao cha saketi kisichozidi kiganja cha mkono, nyaya mbili za shaba zilizokunjwa duara, zimeshaota kutu ya kijani, na maji. Sehemu iliyobaki ni uwazi mtupu. Picha nimezipiga na nimeziambatanisha, pamoja na picha ya boksi na ya paa.

Ninachodai ni hiki. Mnirejeshee shilingi 165,000 zote, si "kuponi" ya kununulia bidhaa nyingine dukani kwenu kama alivyopendekeza yule mhudumu wa pili. Mnilipe gharama za kuziba na kupaka rangi paa pamoja na godoro. Ankara ya gereji nimeambatanisha. Vilevile mfute hizo "km 500" kwenye maboksi yaliyobaki rafuni, maana bado mnayauza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na sioni jina lingine la kuita maandishi yale.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nakala niliyoitaja hapo chini itafuatwa na mimi mwenyewe, na vielelezo mkononi. Kuba, adapta na boksi lake nimeshavifunga pamoja. Fedha zikiingia, siku hiyohiyo nitavipakia kwenye basi la Dar, gharama ya mzigo juu yenu. Antena mbadala msinitumie, ninayo tayari.

Wenu,

Mteja, mwenye gari la kempingi,
Raskazone, Tanga.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC).