Barua kwa mwanangu anayeanza wodi ya afya ya akili

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako na wadogo zako; sote hatujambo. Nimesikia umepangiwa wodi ya afya ya akili, na kwamba wenzako wanakucheka: eti huko hakuna uuguzi, ni kugawa vidonge na kushika funguo. Mama yako amezeekea kwenye wodi hizo, basi nivumilie kidogo.

Kwenye wodi ya upasuaji unakuta kidonda cha kusafisha. Huku utakuta mtu ameketi kitandani hataki kukutazama, na chombo chako cha kwanza ni wewe mwenyewe. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1952: uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio kiini cha kazi, nao una kuanza kwake na kumalizika kwake. Kwa hiyo jitambulishe kwa jina, mwite kwa jina lake. Ukimwambia unarudi baada ya dakika 10, rudi. Mtu anayedhani ulimwengu mzima unamdanganya hakupi nafasi ya pili.

Atakuja mgonjwa akwambie chakula kimetiwa sumu. Usibishane naye, maana hutamshinda, na usimkubalie pia. Mwambie: "Mimi sioni sumu, ila naona umeogopa sana. Ningeamini hivyo, hata mimi nisingekula." Kisha mpe kilichofungwa, akifungue mwenyewe. Anayesikia sauti muulize zinasema nini. Wengi wetu huishia kuandika "anasikia sauti" na kufunga faili, kumbe jambo kubwa ni kama zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu. Hilo liandike, na ulitamke kwa mdomo unapokabidhi zamu.

Watu wa nje wanaogopa mgonjwa atawadhuru. Mimi kila zamu nilihofia mgonjwa kujidhuru. Muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga utafanyaje?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Na uwe macho zaidi anapoanza kupata nafuu. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, na nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla huzuni haijaondoka. Aliyekuwa hawezi hata kuinuka sasa anaweza kutekeleza alichokiwaza. Mkiagizwa mumpitie kila dakika 15, msizidishe muda huo, ila msifike dakika ileile kila mara, kwa sababu anayepanga jambo hujifunza mwendo wenu.

Dawa zenyewe utazisoma vitabuni, lakini kuna hili la haloperidoli, dawa ya kupunguza dalili kama kusikia sauti. Mgonjwa amechomwa sindano, na baadaye anazunguka wodi nzima, hatulii. Zamu inasema amechachamaa, aongezwe nyingine. Subiri, mtazame miguu. Akiketi anaipandisha na kuishusha, anasimama, anaketi tena, na ukimuuliza anakwambia mwili wenyewe haumpi raha. Huenda hayo ni madhara ya dawa, na dozi nyingine itamtesa zaidi, mwite daktari. Shingo ikipinda na macho yakaganda kutazama juu, hiyo ni dharura: mwite daktari mara moja, kaa naye, umweleze kuwa ni dawa na ina dawa yake, maana anadhani anakufa. Anayetumia lithiamu naye, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akianza kutapika, kutetemeka sana na kuyumba, usimpe dozi inayofuata kabla daktari hajajua na damu haijapimwa.

Kumshika mgonjwa kwa nguvu kuwe kwa mwisho kabisa, baada ya kuteremsha sauti, kumpa nafasi, kuwaondoa watazamaji na kumuuliza anataka nini. Ikibidi, mmoja wenu awe na kazi moja tu: kuangalia pumzi yake. Asilazwe kifudifudi huku mmemkandamiza mgongo. Watu wamekufa hivyo. Na ikiisha, rudi uongee naye. Sehemu hiyo huwa tunairuka kwa uchovu, au kwa aibu. Huko Paris, katika hospitali ya Bicêtre, aliyewafungua wagonjwa minyororo mwaka 1797 alikuwa Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wodi, ingawa sifa nyingi alipewa daktari Pinel. Pussin mwenyewe aliwahi kulazwa humohumo kama mgonjwa, na alipenda kuajiri waliopona, kwa kuwa hawakuwa wepesi wa kupiga. Sishangai.

Utachoka, na kuna siku utamchukia mgonjwa. Mwambie msimamizi wako mapema, mpange nani amhudumie. Usimalizie hasira kwenye sauti yako.

Nipigie ukipata nafasi, unisimulie yote ya kazini. Jina la mgonjwa tu usinitajie, wala jambo la kunifanya nimtambue. Siri hiyo hata mama yako haimhusu.

Mama yako