Dakika mbili za maji matamu hazitoshi kuosha injini ya boti

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo wenye boti. Wakitoka baharini hufungulia injini maji matamu dakika mbili, wakiona kitundu cha nyuma kinatema, huzima na kwenda zao. Maji hayo hayajafika kote. Injini ikiwa baridi, thamostati, yaani valvu inayofunguliwa na joto la maji, huwa imefunga, na mifereji inayozunguka silinda inabaki na maji chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Maji yakikauka, chumvi hugandia ndani na aluminiamu huanza kulika.

Kwa injini ya kufunga nyuma, bana vikombe vya mpira kwenye matundu ya kunyonyea maji, fungulia maji kwanza, ndipo uwashe. Gia iwe huru, watu wakae mbali na pangaboi, mwendo wa injini usiongezwe. Thamostati nyingi za injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, kwa hiyo ipe dakika 10 hadi 15. Ukimaliza, zima injini kabla ya kufunga maji. Wengi hugeuza utaratibu huu, na impela ya mpira, yaani gurudumu la pampu linalosukuma maji, ambayo hulainishwa na maji yaleyale, huungua kabla hata dakika haijatimia. Vipande vyake hupanda na kuziba mifereji, kisha lawama anabebeshwa fundi.

Kitundu kikitema kwa unyonge, usikimbilie kufungua pampu. Chokoa kwa waya mwembamba. Mara nyingi ni punje ya chumvi, au nyigu amejenga humo.

Zipo injini zenye mdomo wa kuunganishia mpira wa maji juu. Kwa nyingi kati ya hizo injini haiwashwi, kwa sababu maji huingilia juu ya pampu na impela ikazunguka kavu. Soma kitabu chake.

Kosa baya zaidi liko kwenye injini za ndani ya boti: kusukumia maji ya bomba kwenye njia ya kunyonyea huku injini imezimwa. Maji hupenya pampu, hujaa kwenye bomba la moshi na kurudi hadi ndani ya silinda. Ukiwasha, pistoni inakutana na maji yasiyobanika, na mkono wake unapinda. Funga valvu ya bahari, ile inayoingizia injini maji ya bahari, tumbukiza mpira wa kunyonyea kwenye ndoo ya lita 20, washa, injini ivute yenyewe huku ndoo ikijazwa bila kukatika. Hapo pia dakika 10 si nyingi. Zinki, kile kipande kinachowekwa ili kilike badala ya injini, ikiwa imelika nusu, badilisha.

Ufunguo wa kuwashia utundike kwenye mkono wa valvu hiyo, maana anayesahau kuifungua tena huondoka gatini na impela kavu.

Fundi injini za boti